Jiko la Kifaransa Lililokosa Ulimi

Wajukuu wangu, nimepika kwa divai karibu maisha yangu yote ya kazi, na mpaka leo sijui ladha yake. Sisemi hivi kwa kujisifu. Vijana wa kanisani hapa Riruta wanaosomea upishi waliniuliza juzi, baada ya ibada, kama ni kweli nilikuwa mpishi wa Kifaransa wakati wa ukoloni. Nilipokubali, wakataka kujua konokono wana ladha gani. Hilo nalo sijui. Konokono waliagizwa mara moja tu, wakaja kwa meli ndani ya makopo, na makopo yakafika yamevimba. Mkubwa wetu aliyazika mwenyewe nyuma ya stoo, amevua kofia.

Basi nitawaeleza ninayoyajua, na mtanisamehe nikirukaruka. Kumbukumbu za mzee hazipangi foleni.

Hoteli yetu ilikuwa katikati ya mji, hatua chache kutoka Delamere Avenue, barabara ambayo nyinyi mnaiita Kenyatta. Wageni walishuka kwa ndege Eastleigh, wakalala kwetu siku mbili tatu, kisha wakaenda kutazama simba. Wenye hoteli walikuwa wameamua kwamba mtu aliyesafiri kutoka Ulaya hadi Nairobi angependa sana, akishafika, kula chakula alichokiacha Ulaya. Wakamleta Mfaransa mmoja, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama, kuwa mkuu wa jiko. Alitaka tumwite Musyu, tukamwita Musyu. Alikaa Woodley. Mimi pia nilikaa Woodley, ila yeye alikaa ndani ya nyumba na mimi nilikaa nyuma ya nyumba ya jirani yake, katika chumba cha binamu yangu aliyekuwa akitunza bustani ya watu. Musyu alikwenda kazini kwa gari dogo na mimi kwa miguu, tukifuata Ngong Road ile ile. Mara nyingi nilifika kwanza, kwa sababu gari lile lilikuwa na hiari yake.

Nilianzia kwenye karai la kuoshea vyombo, na kama kuna mmoja wenu anayeona aibu kuanzia hapo, aache. Niliosha sahani miaka miwili, na sahani chafu ni barua. Mgeni aliyekasirika husukuma nyama pembeni na kuikunjia kitambaa juu. Mgeni mgonjwa hukatakata kila kitu na kuacha kila kitu. Lakini kulikuwa na sahani nyingine, zilizorudi safi kiasi kwamba nilizitilia shaka. Mgeni alikuwa amechukua kipande cha mkate na kupangusa sosi yote hadi udongo wa sahani ukang'aa. Niliambiwa kwamba kwa adabu za kwao jambo hilo halifanywi mbele za watu. Walilifanya. Basi nikajua, bila kuuliza mtu, ni siku gani sosi ilikuwa imetoka vizuri.

Aliyepika sosi hiyo ni Njoroge, ambaye mimi nilimwita Baba Wambui kwa kuwa alinizidi umri na alikuwa na binti wa jina hilo. Alikuwa Mkikuyu, kwao Kabiria. Alikuja mjini kila siku kwa baiskeli, na nyuma ya baiskeli, ndani ya kitambaa, alifunga mwiko wake mdogo alioutengeneza mwenyewe kwa mti wa mutamaiyu, ule mzeituni wa porini. Hakuuacha jikoni hata siku moja. Alisema mwiko ukilala ugenini hujifunza tabia mbaya.

Ni yeye aliyenitoa kwenye karai. Siku moja alisimama nyuma yangu akaniona nikigeuza sahani kwenye mwanga kabla ya kuiosha.

"Unatafuta nini humo, mtu wa kuku?" akaniuliza. Jina langu ni Elisha, lakini mimi ni Mluhya, na hilo ndilo jina alilonipa siku ya kwanza.

Nikamwambia kwamba sosi ya leo haikuwa kama ya jana. Akaichukua ile sahani, akaitazama yeye mwenyewe. Kisha akaniambia niifute mikono.

Hapa lazima niwaeleze jambo kuhusu kuku. Nilikotoka, kuku ni heshima. Mgeni akija, kuku huchinjwa, hupikwa kwa maji na chumvi na subira, na firigisi humwendea anayestahili. Chakula cha kwanza nilichofundishwa pale hotelini kilikuwa jogoo aliyezamishwa kwenye divai nyekundu usiku kucha kisha akapikwa ndani ya divai hiyo hiyo. Nilimtazama yule jogoo asubuhi. Alikuwa amegeuka rangi ya zambarau. Nikauliza firigisi yake imekwenda wapi, nikaambiwa imetupwa. Nilirudi Woodley nikamwambia binamu yangu, na yeye hakulala vizuri.

Lakini shida yangu kubwa haikuwa jogoo. Nilipobatizwa nyumbani nilitia sahihi kadi ya nadhiri, kama vijana wote wa misheni yetu, kwamba pombe haitapita midomoni mwangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na mwandiko mzuri. Haikunijia kwamba siku moja nitasimama mbele ya sufuria ya lita nane za divai na kutakiwa kusema kama imeiva. Nilikwenda kumwuliza mchungaji wetu, mtu mwenye busara asiyekuwa na haraka. Akaniambia atalipeleka jambo hilo kwenye maombi. Baada ya majuma matatu akanirudia. Alisema, kinachopanda na mvuke si chako, na kinachobaki kwenye sufuria ni cha aliyeagiza. Kuhusu kijiko kinachoingia kinywani, alisema, kadi ninayo mimi, niisome.

Niliisoma. Sikuonja.

Baba Wambui hakukasirika. Alinitania tu. "Mungu wenu aliumba ulimi wa nini?" aliniuliza. "Wa kuimbia peke yake?" Yeye alionja sosi mara tatu mahali ambapo mara moja ingetosha, na chupa ikibaki na kidogo chini hakupenda iteseke. Lakini kwa kuwa nilikuwa na nadhiri, alinifundisha kwa njia nyingine, na njia hiyo ninawapa nyinyi sasa, walevi na wasiokunywa.

Mifupa ya ng'ombe huchomwa ovini kwanza, mpaka iwe na rangi ya kiatu cha kahawia kilichopigwa rangi kwa ajili ya Pasaka. Ikizidi hapo, sosi itakuwa chungu na hakuna kitakachoiokoa. Ukimimina divai kwenye sufuria ya moto, weka uso juu ya mvuke. Macho yatakuwasha. Ngoja. Macho yakiacha kuwasha ukiinama pale, kileo kimeondoka. Kisha sikiliza. Mwanzoni mapovu ni makubwa, yanapasuka kwa sauti kama watu wanaobishana. Baadaye yanakuwa madogo na mazito, na sauti inakuwa ya watu walioelewana. Tumbukiza mwiko, uutoe, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi bila kufunikwa, iondoe motoni. Siagi iingie wakati sufuria haipo motoni, na usikoroge, tikisa sufuria yenyewe kwa mzunguko. Na chumvi, aliniambia kila siku ya Mungu, chumvi huja mwisho. Sosi inapungua, chumvi haipungui.

Halafu alionja yeye, akasema "sawa" au "bado". Hiyo ndiyo ilikuwa mipaka ya kazi yangu, na nilitosheka nayo.

Mtaniuliza kwa nini mtu mwingine asingeonja. Niwahesabie waliokuwapo. Upande wa samaki alikuwa Mzee Athumani wa Pumwani, Mwislamu aliyeswali swala zote tano, mpole, mwenye ndevu nyeupe. Divai haikumfika kinywani, na nguruwe vilevile. Tulikuwa na mapatano mimi na yeye: nilimwonjea vitu vyake vya nguruwe, na yeye alinishikia sufuria wakati wa ibada yangu ya mchana. Kwa divai hatukuweza kusaidiana. Wengine waliokata mboga na kukoroga unga walikuwa watu wa misheni kama mimi, wenye kadi kama yangu. Na Musyu? Musyu alipita kila sufuria kabla ya chakula kutoka, akachukua kijiko, akaonja, akafumba macho, akasema "Nzuri." Alisema hivyo kwa kila kitu. Sisi tuliona ni mtu mwenye moyo mwema.

Sasa nifike kwenye ile asubuhi.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Askari waliziba barabara zote za mji tangu alfajiri, na Wakikuyu wote wakatakiwa kutoka, kazini na majumbani. Walifika uani kwetu saa nne hivi. Ofisa wao alikuwa kijana wa Kizungu mwenye uso uliobabuka kwa jua. Alisimama mlangoni mwa jiko akasema kabila fulani litoke nje. Baba Wambui alikuwa na sufuria motoni. Hakugeuka. Alimwambia yule ofisa kwa upole kwamba sosi imebakiza dakika chache. Na niwaambie ukweli, yule ofisa alisubiri. Sijui kwa nini. Alisimama na bunduki yake akitazama mtu akikoroga. Kisha nje mtu akapiga filimbi, na dakika zikaisha.

Baba Wambui alinipa mwiko. "Shika," akasema. "Usiache ishike chini. Nitarudi."

Nikamwambia nitamshikia mpaka arudi. Hapo ndipo nilipoahidi, na sikujua ninaahidi muda gani. Alifika mlangoni akageuka kidogo. Nilidhani atanipa ujumbe wa nyumbani kwake.

"Chumvi bado," akasema.

Akapanda lori pamoja na wengine. Mwiko ulikuwa bado na joto la mkono wake.

Msifikiri sikujua nilichopata. Nafasi ya sosi ni kiti cha pili jikoni, na mimi, mwosha sahani wa juzi, nilikipata kwa sababu mtu mwingine alipandishwa lori. Kwa miaka mingi nimejaribu kumshukuru Mungu kwa nafasi ile, na kila mara shukrani hunikwama kooni kama mwiba wa samaki. Njia pekee niliyoipata ilikuwa kuihesabu kuwa amana. Kila asubuhi, nikikaribia mjini, nilisimama kando ya Ngong Road nikaomba mambo mawili: Baba Wambui arudi salama, na Baba Wambui aokoke, aache zile chupa. Niliyaomba kwa utaratibu huo, kila siku ya kazi, mvua au jua.

Juma la kwanza tulikwenda salama, kwa kuwa mikono yangu ilikumbuka. Kisha nikaanza kuogopa chumvi. Mtu asiyeonja huogopa kusahau. Nikaona dawa ni kuitia mwanzoni, kipimo kimoja, nikiwa bado na akili ya asubuhi. Mnajua tayari nilichokuwa nimeambiwa kuhusu chumvi. Mimi pia nilijua.

Siku moja likaja kundi la wageni kumi na wawili kutoka Eastleigh, wa chakula cha mchana. Ndege ilichelewa. Sufuria ikakaa motoni saa nzima zaidi, ikipungua, ikipungua, ikipendeza machoni. Sijapata kuona sosi nzuri kama ile kwa rangi. Musyu akapita, akaonja, akafumba macho. "Nzuri," akasema. Ikatoka.

Mhudumu wa meza akarudi kuomba jagi la maji. Baadaye la pili. Alipokuja kuchukua la tatu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wageni wanakunywa kama ngamia. Kisha sahani zikaanza kurudi, na mimi nilijua kusoma. Nyama ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu. Sosi ilikuwa imeachwa yote.

Musyu aliingia kutoka ukumbini uso umemwiva. Alichukua kijiko, akakichovya ndani ya sufuria yangu, akakileta mbele ya mdomo wangu.

"Wewe onja," akasema.

Nikamwambia siwezi, na kwamba yeye anajua kwa nini. Akasema mpishi wa sosi asiyeonja si mpishi wa sosi, na kama sionji sasa hivi, Jumamosi nitaondoka. Siku hizo Mwafrika bila kazi hakuwa na karatasi ya kukaa mjini. Ningerudi nyumbani kwa gari moshi la kwanza, na nafasi ya Baba Wambui ingepewa mtu asiyemjua, na akirudi angekuta mlango umefungwa. Kijiko kilikuwa karibu nami kiasi kwamba nilisikia mvuke wake kwenye ndevu zangu chache. Nilifikiri juu ya kadi, nikafikiri juu ya lori. Sikufungua mdomo. Sijui kama ilikuwa imani au ukaidi, kwa ujana huo viwili hivyo hufanana sana.

Hapo Mzee Athumani akasema, bila kuacha kupaa samaki wake, "Musyu, onja wewe."

Musyu akageuka.

"Onja wewe," Mzee Athumani akarudia kwa heshima. "Sisi tutakusikiliza."

Musyu alikitazama kile kijiko. Akakitia kinywani, akakaa nacho. Hakufumba macho safari hii.

"Nzuri," akasema, polepole.

Mlango ukafunguliwa na yule mhudumu akauliza kama kuna jagi kubwa zaidi.

Hakuna aliyecheka. Musyu aliketi juu ya sanduku la viazi. Alitoa sigara, akaitazama, akairudisha. Kisha akatuambia, kwa Kiswahili chake kile kile, maneno ambayo sijayasahau. "Tangu vita," akasema, "mimi hapana onja kitu. Supu, maji, sabuni, mamoja. Njoroge anajua. Njoroge onja, mimi sema nzuri."

Ndipo tulipoelewa kwamba siku ile lori lilipoondoka lilikuwa limechukua ulimi wa jiko zima. Wageni walikuwa wanasafiri nusu ya dunia na kula chakula cha Kifaransa katika jiko ambalo hakuna mtu hata mmoja aliyejua kina ladha gani. Mwislamu hakuruhusiwa, watu wa misheni hawakuruhusiwa, na Mfaransa, aliyeruhusiwa kila kitu, hakuweza. Wenye hoteli wakijua, wangelifunga jiko, na Musyu angerudi kwao, na sisi kwetu.

Ile Jumamosi haikutajwa tena. Musyu aliuliza swali moja tu: "Sasa nani?"

Kesho yake Mzee Athumani alikuja na mfuniko wa chuma mweusi kutoka nyumbani kwake. Akaniambia mama yake alipika futari ya mtaa mzima huko Pumwani, kila Ramadhani, kwa miaka thelathini, naye amefunga. Masheikh walimruhusu kugusa kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini mama yule hakuuamini ulimi wake saa kumi ya jioni. Aliuamini mfuniko. Aliupasha moto, akadondosha tone moja la mchuzi, akaliacha likauke. Chumvi hukimbilia ukingoni na kuacha duara jeupe. Duara likiwa jembamba kama uzi, mchuzi umepooza. Likiwa nene kama utepe, mwombe mgeni msamaha.

"Mama yangu aliweza kulisoma duara kutoka mlangoni," Mzee Athumani akasema. "Wewe utahitaji kuinama."

Niliinama miezi mitatu. Kila siku nilitia chumvi mwisho, kidogo kidogo, nikadondosha tone, nikatoa sosi, kisha nikaenda mwenyewe kwenye karai kungoja sahani. Mpishi wa sosi kusimama kwenye karai lilikuwa jambo la kuchekesha na walinicheka vya kutosha. Nililinganisha duara na sahani. Sahani zikirudi na sosi, nililifuta lile duara. Na siku moja ya juma, sikumbuki ipi, zilirudi sahani tisa mfululizo zimepanguswa kwa mkate. Mzee Athumani akaukwangua ule mfuniko kwa msumari kuzunguka duara la siku hiyo, ili alama ibaki, akautundika ukutani juu ya jiko. Tukapika kwa mfuniko ule. Musyu aliendelea kupita na kijiko chake na kufumba macho. Wageni walipoomba kumwona mpishi alikwenda yeye ukumbini, akainama, na akirudi alitupa sisi ile heshima kwa kuinama tena, mbele ya sufuria. Huo ndio ulikuwa uungwana wake.

Miaka ilipita mitatu na zaidi. Nilioa. Mke wangu Rasoa alikuja Nairobi tukapata chumba chetu wenyewe. Nilimweleza mapema kwamba kazi hii ni ya mtu. Aliniuliza mtu huyo yuko wapi, nikasema sijui. Akaniuliza kama yuko hai, nikasema naomba. Akaniambia basi niendelee kuomba, lakini naye ana maombi yake.

Baba Wambui alirudi mwaka huo, wakati wa mvua za vuli. Nilikuwa nimeinamia sufuria nikasikia baiskeli ikiegemezwa ukutani, na ile sauti niliijua kabla sijageuka. Alikuwa amekonda na nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Karatasi za ruhusa alikuwa nazo mkononi, zimegongwa mihuri yote. Tulisalimiana kwa mkono tu, muda mrefu. Hakuuliza chochote kuhusu nafasi yake. Alitazama ndani ya sufuria.

"Chumvi?" akasema.

"Bado," nikamwambia.

Nikampa mwiko wake.

Nitawaambia ukweli kwamba nilitamani, kidogo, asiupokee. Nilifikiri juu ya Rasoa na chumba. Lakini aliupokea, akaugeuza, akaona nimeutunza kwa mafuta, na nikahisi ule mwiba wa samaki umeshuka. Mzee Athumani aliacha kisu. Musyu alikuwa amesimama mlangoni, na sijapata kumwona mtu mzima akiwa na furaha iliyo wazi vile. Jiko lilikuwa limerudishiwa ulimi. Sote tulimtazama Baba Wambui akichota sosi kwa mwiko, akaipuliza, akaisogeza karibu na mdomo.

Akaishusha.

"Elisha," akasema, "mimi niliokoka huko kambi ya kizuizini. Niliapa. Pombe haitagusa tena kinywa hiki."

Mvua ilisikika uani. Mzee Athumani alisema "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba mvua imenyesha na nguo zake ziko nje.

Mimi nilisimama pale nikihesabu asubuhi zote za Ngong Road. Nilikuwa nimeomba mambo mawili, kwa bidii na kwa utaratibu, na Mungu alikuwa amenipa yote mawili. Nilikumbatiana na Baba Wambui nikamwambia Bwana asifiwe, na nilimaanisha. Kisha nikashusha mfuniko ukutani.

"Ni nini hiki, mtu wa kuku?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Nikapasha mfuniko, nikadondosha tone, nikamwambia aangalie ukingo. Yeye aliyenifundisha kila kitu aliinama karibu kabisa, akakunja uso. Akatia chumvi kidogo, tukadondosha tena. Mara ya tatu duara likalala sawasawa juu ya alama ya msumari. Musyu akaja na kijiko chake, akaonja, akafumba macho.

"Nzuri," akasema.

Nilirudi kwenye viazi na mboga siku ile ile, nikiwa bado na kazi, kwa kuwa Musyu hakukubali niende mbali na mfuniko. Rasoa alipika ugali siku mbili bila kunisemesha. Siku ya tatu aliniuliza sahani zilirudi vipi. Nikamwambia zimepanguswa. Akaniongezea mboga.

Baba Wambui sasa amelala Kabiria, na mwiko ule anao Wambui, ambaye anaukorogea uji wa wajukuu na hataki kusikia habari za makumbusho. Mfuniko ninao mimi. Vijana mnaosomea upishi mnaweza kuja kuutazama, mkiahidi kutouosha.

Na endeleeni kuomba, wajukuu wangu, mimi bado naomba kila asubuhi na sijawahi kujuta. Ila siku hizi, kabla sijasema amina, huwa nafikiri kwanza ni nani atakayeonja.